Noti za Pweza za Funzi

Niliondoka Kombani kwa sababu ya karatasi. Nilimsaidia mama mmoja wa Funzi kupakia magunia yake, naye akanipa kipande cha mfuko wa saruji kilichochorwa pweza kwa wino wa buluu, chini kimeandikwa "Mahamri Mawili".

"Hiyo ni pesa ya Gavana wetu," alisema. "Ukifika kisiwani utakula."

Nani angetulia na kitu kama hicho mfukoni?

Asubuhi yake nilishika njia ya Msambweni, kisha bodaboda hadi Bodo. Kwenye boti nilimuuliza nahodha huyo Gavana ni nani.

"Mzee Hamadi? Gavana wa benki, si wa kaunti! Ukimzibia paa, noti. Ukimchekesha, noti. Na mahamri unapewa kweli."

"Hazighushiwi?"

"Nani aghushi mahamri, wewe?"

Funzi, saa nne. Bi Mwanasiti, muuza mahamri, alinipeleka mwenyewe barazani kwa mzee, birika la chai mkononi.

"Shikamoo, Gavana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu benki."

Macho yake yalikuwa na ukungu, na mikono ilitetemeka hata kikombe kikamshinda. Kando yake palikuwa na kopo la noti. Alinieleza kwa fahari kwamba pweza wake ana minyiri, ile mikono yake, saba tu. "Wa nane umebaki mwambani. Ndiyo alama yangu."

Nikatoa noti yangu, nikahesabu kwa sauti. Mjinga mimi.

"Mbona huyu anayo minane?"

Bi Mwanasiti akalitua birika. Kwa uso wake na mikono ya mzee nikaelewa yote: mzee alikuwa ameshindwa na kalamu, naye Bi Mwanasiti akawa anachora kwa siri na kulijaza kopo, ili mzee asione benki yake imekufa. Siri hiyo nimeimwaga mimi, mgeni wa nusu saa.

"Mwanasiti."

"Labeka, babu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimevua pweza tangu utotoni, babu. Mkono wangu haujui saba."

Nilianza kutafuta viatu vyangu. Ghafla mzee akapasuka kwa kicheko, mpaka kofia ikamdondoka.

"Nami namshukuru Mungu kila siku kwamba kopo haliishi! Kumbe naghushiwa! Pesa yangu imekuwa pesa, jamani!" Akamsukumia Bi Mwanasiti kalamu. "Chukua. Na minane ibaki minane. Pweza wangu kapona."

Hadi adhuhuri, Bi Mwanasiti alichora, mzee akatia dole gumba lenye wino juu ya kila noti, yangu ikiwemo. Majirani wakaja kushuhudia, wakimtania Bi Mwanasiti: "Mwizi kapewa benki!"

Alasiri, kabla ya boti kurudi Bodo, nilisema nitaiweka noti yangu iwe kumbukumbu.

"Ukiiweka inarudi kuwa mfuko wa saruji," mzee alifoka. "Nenda kale!"

Niliacha shule mapema, na somo la pesa halikunifikia. Nimelipata Funzi: noti zile zilisimama kwa sababu kuna mtu hakutaka mwenye benki aanguke. Ningependa kuwaonyesha yangu, lakini niliila, na mbaazi juu yake.