Picha ya Venisi

Ijumaa moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujifunika leso usoni. Nilikuwa msichana, yaya katika nyumba moja hapa Doha, na nilikuwa nimebeba koti zito la sufu kwenye mfuko wa nailoni, katikati ya Julai, jua la kukausha mate. Ngoja nikueleze lilikuwa la nini.

Madam wangu alikuwa na desturi ya kwenda Venisi kila kiangazi. Ni mji wa kale wa Italia, mitaa yake ni maji, na watu wake wanajua kuvaa. Viatu alivyorudi navyo madam niliogopa hata kuvipangusa. Mwaka huo akasema nitafuatana nao niwaangalie watoto. Sikungoja viza. Siku hiyo hiyo nilimpigia mama simu huko kwetu Wundanyi, naye akaomba kanisa zima liniombee safari njema. Wahenga walisema usikate kanzu mwana hajazaliwa. Mimi nilikuwa nimeshaikata, nimeishona na kuipiga pasi.

Viza haikutoka. Madam akaondoka na wanawe, nami nikaachwa nimtunze mama mkwe wake.

Na mama yangu mwenyewe, mwezi uliofuata, alikuwa afanyiwe upasuaji wa macho. Alikuwa ameniomba jambo moja tu: niende nyumbani, ili bandeji ikifunguliwa, uso wa kwanza kuuona uwe wangu. Niliomba ruhusa, madam akasema mpaka mkataba uishe. Nilimweleza mama hivyo hivyo, naye akaelewa. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

Lakini kumwambia kwamba na Venisi pia sikwenda, hapo nilishindwa. Niliona haya mbele ya kanisa lililoniombea. Rafiki yangu Akinyi, aliyefanya kazi ya kufua hotelini, alinipeleka kwenye jengo moja la maduka ambalo ndani yake kuna mfereji wa maji, mashua za rangi, na dari iliyochorwa mawingu. Nilivaa lile koti, nililopewa na binti mkubwa wa madam, kwa sababu nilidhani Ulaya ni baridi mwaka mzima. Nikashika ukingo wa daraja, nikacheka, Akinyi akanipiga picha. Niliisafisha studio hapa Al Mansoura, nikampa mwenzetu aliyekuwa akienda likizo ampelekee mama. Nyuma niliandika kwa mkono wangu: Venisi.

Mama akafanyiwa upasuaji salama, nikamshukuru Mungu. Baada ya hapo alibadilika kidogo. Zamani kila simu aliimaliza kwa kuniuliza nitakuja lini. Sasa alisema tu, "Ujitunze." Ujinga wangu ukaniambia mama ameridhika. Miezi mitatu nilikaa na furaha hiyo, mwanangu. Hiyo furaha ndiyo inayoniaibisha kuliko hata picha.

Siku moja tunatoka ibadani Mesaimeer, nikamwambia Akinyi jinsi mama alivyotulia, hata hanisumbui tena kuhusu kuja. Akinyi akasimama.

"Si ulimwambia madam amekunyima ruhusa ya kuenda kumwona?" akaniuliza. "Halafu ukamtumia picha uko Venisi. Sasa wewe, ungekuwa yeye, ungefikiria nini?"

Tulitafuta kivuli cha ukuta, nikampigia mama palepale. Nilimwambia yote: viza, mfereji wa ndani ya maduka, mawingu ya rangi, na koti. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze.

"Kwa hivyo hukuenda," akasema.

"Sikuenda, mama."

"Na ile ruhusa, ulinyimwa kweli?"

"Nilinyimwa kweli."

Nikamsikia analia. Alisema siku ya kufunguliwa bandeji aliomba apewe ile picha kwanza, ili uso wa kwanza uwe wangu hata kama sipo. Akaniona nacheka katika mji wa watu. "Nikajua njia ulikuwa nayo," akasema, "ila hukutaka kupitia kwangu." Kisha akapangusa pua, akasema neno ambalo sijalisahau: "Asante Mungu, ni uongo."

Mama yangu alishukuru kwamba mwanawe ni mwongo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Doha ikafika Wundanyi, na aliyeitembea peke yake kwa miezi mitatu ni yeye.

Ndiyo maana nakwambia, wewe unayeanza kazi Lusail na simu yako yenye picha nzuri nzuri: wa nyumbani hawaitazami picha kama wewe unavyoitazama. Wao wanajitafuta ndani yake. Safari isipofanyika, sema haikufanyika. Ukinyimwa, sema umenyimwa. Aibu ya kukosa huisha baada ya siku chache. Mimi hii nyingine nimezeeka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie miji yote unayoitamani, na ule usioufikia, akupe moyo wa kumpigia mama yako simu na kumwambia, "Sikufika." Amina.