Nyota ya Pili ya Faustin

Nimekana kwa miaka mingi, tena kwa ile sauti ya mwalimu ambayo watu huiamini bure. Leo nasema: saa ile ilikuwako mezani.

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Wabelgiji, mji wetu wa mtoni ukiwa bado unaitwa Stanleyville, Padri mlezi alinikabidhi filimbi, bereti na watoto ishirini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwenye miaka kumi na tisa, na tangu asubuhi hiyo nikawa cheftaine, yaani kiongozi wa skauti wadogo walioitwa watoto wa mbwa-mwitu. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona mbwa-mwitu, nami nikiwa wa kwanza kutomwona. Hata hivyo niliwafundisha wana wa wavuvi kubweka kwa bidii.

Kupanda daraja kulikuwa na utaratibu wake. Mtoto alitoa ahadi, kisha akashonewa nyota ya kwanza kwenye bereti: jicho moja limefumbuka, kwa kuwa mnyama huyo huzaliwa kipofu. Nyota ya pili ilifumbua jicho la pili. Aliyemfundisha mtoto hakuruhusiwa kumpima. Hiyo ilikuwa kazi ya Commissaire, mkaguzi wa skauti, Mbelgiji aliyeheshimu kanuni kuliko chakula. Aliyetimiza miaka kumi na miwili bila nyota ya pili alihamia kwa wakubwa na jicho moja, na wenzake hawakumwacha asahau.

Faustin, mtoto wa wavuvi wa maporomokoni, alibakiwa na wiki moja kabla ya kutimiza miaka hiyo.

Jaribio lake la mwisho lilikuwa la macho. Nilipanga vitu ishirini na vinne mezani. Akavitazama dakika moja, nikavifunika kwa kitambaa, akaanza kuvitaja. Kutaja kisichokuwako kulikuwa kosa kubwa kuliko kusahau: ulianguka papo hapo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, mvua haijanyesha wiki tatu.

Alivitaja vyote. Commissaire alikuwa ameshainua kalamu.

"Na saa," Faustin akaongeza.

"Saa gani?"

"Saa ya mukono, Chef. Kando ya ufunguo. Kioo yake iko na ufa, na imesimama saa kumi na dakika kumi."

Wenzake walioning'inia dirishani wakacheka. "Faustin, uiuze basi tukule mikate!"

"Cheftaine," Commissaire akaniuliza, "kulikuwa na saa hapa?"

Niliijua saa hiyo. Ilikuwa ya kaka yangu, aliyezama mwaka uliotangulia akivuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili. Tulimzika nayo mkononi.

Nikafunua kitambaa. Vitu ishirini na vinne. Kando ya ufunguo, juu ya mbao kavu, palikuwa na duara dogo la maji, nalo lilikuwa linapanuka. Nikaliwekea kiganja. Lilikuwa baridi.

"Hapana, Chef."

"Bon. Ameanguka."

Faustin alivua bereti, akaitia mfukoni, akatoka.

Mimi nilipanda. Nilifundisha macheftaine hadi Banalia, nikaandika hata mwongozo wa haki katika kupima watoto, uliosifiwa sana. Chuo kikuu kilinipa baadaye maneno marefu ya Kifaransa ya kueleza yale maji. Hakuna hata moja lililoyakausha.

Nilikuwa nimestaafu miezi miwili simu ilipolia, mchana.

"Cheftaine? Ni Faustin. Ninafanya kazi Bangboka, kwa munara ya kuongoza ndege. Miaka yote nikiona ndege, naita mwenzangu kwanza: na weye unaiona? Wananiita Macho ya Kukopa. Sasa wanataka nikuwe mukubwa wa munara. Kesho ninajibu. Mutu mwenye kuona vitu havikuwako hawezi kuongoza ndege. Donc, uniambie: ile saa ilikuwako, ao hapana?"

"Ilikuwako, papa. Niliyaficha maji yake kwa mkono."

Nikamsikia akipumua, kisha akimwita mkewe: "Mama Josée! Ilikuwako!" Akarudi kwenye simu, sauti imeshuka.

"Aksanti. Alors, ule kijana mwenye kulowana, mwenye aliiweka pale... naye nilimuona kweli."