Vidole vya Bibi Koili

Bibi Koili, kama walivyomwita karakanani, alikuwa akisuka mota tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Hii ya leo ya pampu haikuwa na sumaku. Koili zake, yaani mafundo ya waya aliyoyasuka, huwashwa kwa zamu, kila moja ikivuta meno ya chuma cha katikati kinachozunguka. Nafasi kati ya chuma hicho na chuma cha nje kinachoshika koili ikiwa nyembamba, mota huvuta kwa nguvu na umeme haupotei bure. Nafasi hiyo yeye aliipima kwa kupitisha karatasi na kusikiliza kwa vidole.

"Mama, upande huu umebana mno," binti yake alisema. "Chukua kipimo."

"Kipimo cha nini? Umekula na kusoma kwa vidole hivi!"

Akawasha. Chuma kikakwaruzana na chuma, cheche zikaruka, kazi ya siku nne ikaungua.

Binti akazima umeme, akamshika mkono. "Vidole havisikii tena, eti? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nilimwomba Mungu nife kabla hamjajua."

Kisha akainuka polepole, akamwachia mwanawe kiti.