Treni Yangu ya Kinyumenyume

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Karakana yangu iko Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, na kwa miaka thelathini nimefungua, nimefunga na nimelaumu mashine za watu kuanzia Laela mpaka Namanyere. Naitwa Theodory. Mke wangu Jovina huniita Baba Coleta siku nikiwa na akili, na siku nyingine zote huniita Theodory.

Mambo haya yalianza kwa uongo, ingawa haukuwa uongo kamili. Mwaka 1991, nikiwa kijana, nilipanda treni kutoka Mpanda kwenda Tabora kumsalimia kaka yangu. Treni ikaondoka, nikalala, nikaja kuamshwa Tabora watu wakishusha mizigo. Safari yangu yote ya treni ni hiyo: kuingia, kulala, kutoka na shingo iliyokaza. Lakini Sumbawanga hatuna reli, na mtu aliyewahi kupanda treni anaweza kula sifa muda mrefu. Kwenye jumuiya yetu, baada ya sala, nilizoea kueleza jinsi injini inavyohema ikipanda mlima. Kadiri miaka ilivyokwenda, usingizi ulitoka kwenye simulizi, na mimi nikasogea kutoka behewa la nyuma mpaka karibu kabisa na dereva.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, Mwalimu Redempta alinifuata karakana na kitabu mkononi. Yeye ni mwanajumuiya mwenzetu na anafundisha fizikia sekondari. Shule yao ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini mwezi wa nane, naye alitaka wanafunzi waone mvuke ukifanya kazi. Ndani ya kitabu kulikuwa na picha ya kichwa cha treni cha zamani kabisa, cha karibu miaka mia mbili iliyopita: pipa limelala, bomba la moshi refu, magurudumu makubwa mbele na madogo nyuma. Akaniuliza kama ningeweza kutengeneza kama hicho, nusu ya ukubwa wake, kiende chenyewe. Alisema amenifikiria mimi kwa kuwa treni nazijua.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Badala yake nilikitazama kile kitabu, nikakunja uso kama daktari, nikasema bomba limechorwa vibaya.

Nikaanza kazi. Pipa nililipata kwenye chuma chakavu, bomba nene ambalo Mwalimu Redempta alisisitiza lijazwe maji na kusukumwa kwa pampu mpaka tujue linahimili. Mimi niliona ni woga wa kike; bahati nzuri sikusema kwa sauti, maana siku ya kulipima mshono wangu wa kwanza ulifunguka na kunilowesha kuanzia kofia hadi soksi. Reli nilitengeneza kwa vyuma vya mageti. Magurudumu makubwa nilitumia ya injini mbili kuukuu za kusagia, yale mazito yanayozunguka pembeni. Niliyachagua kwa sababu moja tu ya kitaalamu: yalikuwepo. Kazi ilipofika nusu, chombo kilikuwa na uzito wa ng'ombe dume, na uwanja wa Jovina ukawa wangu.

Kila Jumatatu na Alhamisi nilikuwa na msikilizaji. Mzee Mayunga ni Msukuma, anafuga huko nje ya mji, ana miaka zaidi ya sabini na mitano. Mwanawe humshusha kwa pikipiki na madumu ya maziwa ya kugandisha anayomletea Jovina, kisha huenda mjini kwa shughuli zake. Mzee hubaki kwenye benchi la karakana akimsubiri, koti zito limefungwa mpaka shingoni kwa ajili ya baridi yetu. Mimi nikiona mtu amekaa hawezi kuondoka, siwezi kujizuia. Nilimweleza mvuke ni nini. Nilimweleza pistoni inavyosukumwa, mara huku, mara huku. Nilimchorea chini kwa msumari. Kwa miezi mitatu Mzee Mayunga alinitazama kwa heshima zote akisema, "Eeh." Mara nyingine, "Eeh, fundi." Nilimwambia Jovina kwamba huyu mzee hakusoma, lakini ni mwepesi wa kuelewa.

Wiki mbili kabla ya jubilei, siku ya Alhamisi, niliwasha moto. Mwalimu Redempta alikuja, majirani wakaja. Mvuke ulipanda, kila kiungo kikavuja kidogo, nguo za Jovina kwenye kamba zikapata masizi. Nilifungua mvuke. Chombo kikatetemeka, kikakohoa, kikaanza kwenda.

Kilikwenda nyuma.

Reli zote nilikuwa nimezilaza mbele yake, mita kumi na tisa zimenyooka vizuri. Nyuma kulikuwa na hatua mbili za reli, kisha turubai lenye ulezi wa Jovina unaokauka, kisha jiko. Kilipita juu ya ulezi bila haraka, kikaegemea ukuta wa jiko na kusimama, kinahema. Nilifunga mvuke nikiwa nimechelewa sana. Jovina alitoka, akautazama ulezi wake, akanitazama mimi, akarudi ndani. Hakuniita jina lolote.

Nililaumu kuni. Nililaumu mteremko, ingawa uwanja wetu ni kama meza. Mwalimu Redempta alipouliza kama huenda kuna kitu nimefunga kinyume, nilicheka kidogo, nikageukia benchi, kwa mtu niliyejua hatanipinga.

"Mzee, hivi ndivyo zilivyokuwa treni za kwanza," nilisema. "Zilirudi nyuma kwanza, zikusanye nguvu."

Mzee Mayunga alifikiri kidogo. Kisha akasema polepole, "Mimi nilifanya kazi treni za moshi pale Tabora, miaka saba, karakana. Hiyo sikuiona."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye ulezi.

"Miaka saba?" niliuliza.

"Kabla hazijaletwa za mafuta zote. Nilikuwa upande wa valvu."

Nilimwuliza kwa nini hakusema miezi yote ile, wakati namchorea chini kwa msumari. Alionekana kuona haya kwa niaba yangu.

"Ulikuwa unaeleza vizuri, fundi," alisema. "Nikafikiri labda ya kwako ni ya aina nyingine."

Akainuka, akavua koti. Chombo kilipopoa alipiga magoti, akaonyesha kile kisahani kwenye ekseli kinachoivuta na kuisukuma valvu, ile inayoelekeza mvuke kwenye pistoni. Nilikuwa nimekifunga upande usio wake. Alikilegeza, akakizungusha karibu nusu mzunguko, akakikaza, akafuta mikono. Kazi ya dakika kumi. Mwanawe alifika, akampigia honi, mzee akamwonyesha kwa kiganja asubiri.

Siku ya jubilei, chombo na reli vikiwa vimehamishiwa uwanja wa shule, nilikuwa nimepanga vizuri nitakavyokuwa mnyenyekevu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: nitashika kipaza sauti, nitasema fundi halisi ni huyu mzee, nitampa azungumze. Mwalimu Redempta akanipa kipaza sauti. Wageni walikuwa wengi, padre yupo, wazazi wapo, na mimi nikaanza kwa kusema kwamba mwaka 1991 nilipanda treni kutoka Mpanda. Jovina anasema nilizungumza dakika ishirini. Mimi nadhani ni kumi na tano. Tunakubaliana kwamba Mzee Mayunga alinigusa kiwiko mara mbili, kunionyesha moto unakufa, na kwamba mara zote mbili nilidhani ananipongeza. Nilipofungua mvuke hatimaye, treni ilikwenda mbele mita nne na kusimama. Wageni wakapiga makofi ya huruma, wakaelekezwa kwenye chakula.

Nilibaki nimesimama na kipaza sauti kilichozimwa. Mzee Mayunga aliomba kuni kavu, zilizopasuliwa ndogo. Nilikwenda kuzipasua. Aliuchochea moto, akatia mafuta kwenye kila kiungo, akaweka kiganja karibu na pipa kama mtu anayepima homa. Wanafunzi kadhaa waliacha foleni ya pilau wakarudi, na Mwalimu Redempta pamoja nao. Ndipo mzee akafungua mvuke kwa vidole viwili.

Kilikwenda mbele. Mita kumi na tisa zote, taratibu, moshi ukilazwa na upepo wa mwezi wa nane, na mzee akitembea kando yake, mkono juu ya chuma. Mwanafunzi mmoja alimwuliza ni kwa nini kinatoa sauti mara nne kila gurudumu likizunguka. Nilikuwa na jibu. Nilifumba mdomo, na niseme ukweli, ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchomelea pipa. Mzee akawajibu, kwa sentensi tatu, nami nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa si lenyewe.

Wengine walipokwenda kula, yeye hakwenda. Alisema chuma kikiachwa na maji usiku kucha kinashika kutu, kwa hiyo akafuta fito zote za chuma zinazozungusha magurudumu, moja moja, mpaka chombo kikapoa. Mimi nilimshikia kopo la mafuta.