Bunduki ya Upepo ya Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka Rosettenville Jumamosi moja adhuhuri, baridi ikianza, amebeba kitu kirefu kilichofungwa ndani ya shuka. Mimi ni mshonaji. Nilikuwa nimeinama juu ya gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo sikuweza kumwuliza chochote. Alikilaza kile kitu kitandani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto bila kutaka kumwamsha. Alipofunua shuka nikaona mtutu.

Pini zote nilizitema sakafuni.

"Ni ya upepo, Mama," akasema upesi. "Haina baruti. Ni ya kufukuzia ndege tu."

"Hiyo hailali humu."

"Mama, nisikilize..."

"Mzee, nimesema hailali humu."

Sisi ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Yaliyotutoa kule sitayasimulia hapa. Itoshe kusema kuna asubuhi mbili maishani mwangu ambazo nikizikumbuka sioni kitu, nazisikia tu. Mume wangu anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Aliikunja ile shuka, akaipeleka bunduki kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba.

Nyumba yetu iko Bellevue, mtaa wa Johannesburg, nyumba ya zamani yenye dari refu, imegawanywa vyumba vingi, na kila chumba kina watu wake na harufu ya sufuria yake. Sisi tuna chumba cha mbele na lile banda, ambalo zamani lilikuwa gereji na wakati huo lilikuwa la ndoo na baiskeli mbovu.

Siku tatu sikumsemesha. Siku ya nne aliniambia mwenyewe, akila, bila kuniangalia. Kulikuwa na mzee mmoja Mreno wa Rosettenville, anayelima kabichi kusini mwa jiji. Mlango wa jiko lake ulikuwa umevimba, haufungi. Mume wangu aliuona alipokwenda kwake kununua kabichi, akaazima randa, akaunyoosha. Mreno akafurahi, akampa ile bunduki iwe shukrani. Alicheka akamwambia inapiga kila kitu isipokuwa kile unacholenga.

"Na wewe unaitakia nini?" nikamwuliza.

Alisukuma sahani kando. Kwetu alikuwa seremala. Hapa Johannesburg, tangu tulipofika, kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga geti la watu.

"Kitako chake ni cha mbao," akasema.

Nikachukua sahani nikaenda kuiosha.

Siku zake za mapumziko zikawa za banda. Nilikaa kwenye mashine yangu dirishani nikasikia tupa, kisha msasa, mwendo mrefu na mwendo mfupi, kama mtu anayepumua usingizini. Majira ya baridi ya jiji hili yana jua jeupe lisilochoma, na hewa kavu inayofanya sauti ya mbali ije karibu. Wakati mwingine nilijikuta nakanyaga mashine kwa mwendo wa msasa wake, mshono unanyooka wenyewe, na mawazo yangu yako pengine kabisa.

Kilichonivuta hatimaye ni harufu. Nilikwenda nyuma kuanika nguo, harufu ya mbao iliyokunwa ikatoka bandani, na kwa muda nilisimama na shuka mbichi mikononi, sijui niko mji gani. Nikachungulia. Alikuwa ameikwangua ile vanishi nzito yote. Chini yake kulikuwa na mbao ya bei rahisi, nyepesi, lakini nayo ilikuwa na mistari yake, imejikunja kama maji yanavyojikunja kwenye jiwe. Alikuwa amepunguza unene wa shingo ili mkono ushike vizuri, na alikuwa akiipaka mafuta kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa changu, kipande cha kitenge. Uso wake ulikuwa wa yule kijana niliyeolewa naye.

Niliondoka kabla hajaniona.

Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni Yeoville kutafuta zipu. Muuzaji niliyemfuata hakuwepo, nikarudi mapema. Mume wangu hakujua kwamba nimerudi. Nilikuwa nimeketi kwenye mashine ndipo mlio ukatoka bandani, mkali, ukagonga mabati yote, na nyuma yake ukafuata mwingine wa chuma, kama waya uliokatika.

Sikumbuki kwenda chini ya meza. Nakumbuka nikiwa pale, magoti kifuani, nimekumbatia suruali ya mteja.

Yeye aliingia kuchukua maji, akaona miguu yangu. Hakunivuta. Hakusema "toka". Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa meza, na tukakaa hivyo hadi kivuli cha dirisha kilipohamia ukutani.

"Nimekosa," akasema. "Nilitaka kujaribu kwenye boksi la matambara. Nilidhani uko sokoni."

"Ni ile sauti."

"Najua." Kisha akasema, polepole, kama anayejieleza mwenyewe: "Lakini hata sauti ile, Mama, si ya upepo tu. Mle ndani kuna springi. Imelegea, inacheza, inapiga chuma. Inalia kwa sababu imelegea."

"Basi irekebishe," nikasema kutoka chini ya meza. "Au itupe. Moja kati ya hayo."

Alitengeneza fremu ya mbao ya kuibana springi isije ikamrukia usoni, akaifungua bunduki nje, juani. Nilisimama mlangoni kutazama. Ndani mlikuwa na vitu vichache mno: springi ndefu iliyopinda kidogo, pistoni, kutu, basi. Nilishangaa. Nilidhani kitu cha kutisha kina mengi ndani.

Springi aliisugua ncha zake zikalala sawa. Akachonga bomba jeupe la kuishika isicheze, na siku nzima nilitafuta kibao changu cha plastiki cha kukatia vitunguu kabla sijaelewa bomba lile limetoka wapi.

"Eish, Mzee! Kibao changu!"

"Nitakuchongea cha mbao," akasema, na kweli alinichongea.

Kisha akaja na kipande cha ngozi kiganjani, kimekauka na kupasuka kama kisigino cha wakati wa baridi. Ndicho kilichoziba kichwa cha pistoni hewa isivuje.

"Hii ni kazi yako," akaniambia. "Mimi ngozi siijui. Wewe ndiye fundi."

Ngozi halisi niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya mkoba niliotoka nao kwetu. Kamba yake ilikatika zamani, nilikuwa nimeuweka chini ya kitanda bila kujua naungojea nini. Niliutoa, nikaufuta vumbi, nikapitisha mkasi. Duara la kwanza nilikosea. La pili likakaa. Tuliliacha kwenye mafuta hadi kesho yake, kisha akalibana kwenye tundu la mbao likapata umbo la kikombe. Ngozi ilibaki, kwa hiyo nikashona pedi ya kuwekea shavu kwenye kitako, uzi wa nta, mshono mdogo mdogo. Hakuniomba. Nilitaka tu mkono wangu uwemo.

Mreno alitupeleka shambani kwake kwa gari lake Jumapili moja baada ya ibada. Nyasi zilikuwa zimeungua pande zote, nyeusi, na katikati yake kabichi zimekaa kijani kibichi hadi zinaonekana si za kweli. Waliegemeza boksi la matambara yangu kwenye ukingo wa udongo, wakabandika karatasi ya kukatia mitindo iliyochorwa duara. Mimi nilisimama kando ya gari, mkono kwenye mlango.

Mume wangu alinitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

Akapiga. Bunduki ilitoa sauti ya kitabu kikubwa kinachofungwa na mtu mwenye usingizi. Basi, hivyo tu.

"Tena," nikasema.

Akapiga tena. Nikaachia mlango. Kila alipopiga nilisogea hatua moja, hadi nikawa nyuma ya bega lake.

"Nipe."

Sikuwahi kuwa upande ule wa mtutu. Pedi iligusa shavu langu, nikasikia harufu ya mkoba wangu. Triga aliyoisugua ilikuja laini, kama kuvuta uzi wa bandi, ule wa kushikilia kwa muda, kutoka kwenye nguo. Tundu likatokea pembeni mwa karatasi, mbali na duara, na Mreno akapiga makofi kana kwamba nimeshinda kombe.

Sikulia. Usingizi ndio ulionijia, mzito, kama wa mtu ambaye homa imemwachia. Nilitandika koti langu ukingoni mwa tuta nikalala palepale, juani, kati ya kabichi, mimi ambaye sikuwa nimelala mchana tangu tulipohama. Kupitia usingizi nilikuwa nikisikia zile sauti za kufunga kitabu, moja, kimya, moja, na hazikuniamsha.

Nilipofumbua macho walikuwa wanakula mkate na dagaa wa kopo. Mreno ameiweka bunduki magotini, anapitisha kidole gumba kwenye mbao.

"Mtu anayeweza hivi," alikuwa akimwambia mume wangu, "anafungua geti la watu kwa nini?"

Mume wangu alimega mkate mwingine. Wiki ile ile Mreno alimpa kabati za jiko lake azitengeneze upya. Jirani wa Mreno akaziona, naye akataka meza. Sasa getini anakwenda siku tatu tu kwa wiki.

Mimi nami nimehamishia mashine yangu bandani, kwa sababu alitoboa dirisha na mwanga ni mzuri kuliko chumbani. Tunafanya kazi tumepeana migongo. Juzi alikuwa anapiga randa kitanda cha mtoto cha mama mmoja Mrundi wa mtaa wa pili, na unga wa mbao ukawa unatua polepole kwenye kitambaa cheupe nilichotandaza.

"Pole, Mama," akasema bila kugeuka.

Nikakitoa nje, nikakikung'uta, nikarudi kushona.