Kilichokuwa Kikivuruga Redio ya Baba

Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, halafu anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu wala sikuyaota. Yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Ntalikwa, jua halijazama sawasawa, na sikuwa na homa. Shahidi wangu ni baba. Ni kipofu, ndiyo, lakini ukimfahamu baba yangu utajua kwamba si mtu wa kumsaidia mwanawe kusema uongo. Hata ukweli hanisaidii kuusema.

Balaa lenyewe lilianza na redio. Baba alifanya kazi relini mpaka macho yakamwishia, nikaenda kumchukua Usoke, nikamleta nikae naye. Redio ndiyo macho yake. Anasikiliza kila kitu, lakini ibada yake ni matangazo ya vifo, yale yanayosomwa jioni kabla ya taarifa ya habari. Wakati huo hataki mtu akohoe.

"Kwa umri wangu," husema, "usipoyasikiliza hayo, utamtumia salamu mtu aliyekwisha kuzikwa."

Basi redio ikaanza kunguruma. Si ule mkwaruzo wa kawaida. Ilikuwa krrrrr, kama mtu anasaga karanga ndani ya kichwa chako. Na baba akaamua papo hapo kwamba mwenye kosa ni friji yangu.

"Zima hilo dude."

"Baba, juisi za watu zitachacha."

"Zichache. Mimi nachacha humu ndani na hunioni."

Mimi nauza barafu na juisi ya ukwaju. Friji hiyo ndiyo inayotulisha, ndiyo inayonunua hata betri za redio yake. Ningeizima tukala nini? Mngurumo?

Niamini, nilijitahidi. Fundi mmoja wa jirani alinielekeza: zima swichi kuu ya nyumba, tia redio betri, sikiliza. Kisha washa kimoja kimoja, utamjua mwizi. Nikafanya hivyo. Nilipozima swichi kuu, nusu ya kelele ilikwisha, kwa hiyo nyumba ilikuwa na kosa lake. Nikawasha taa ya sebuleni, redio ikapiga filimbi. Nikachomeka chaja ya simu, ndiyo ikalia kabisa. Friji? Ilitoa "tak" moja ilipoanza kuunguruma, basi. Nikamwambia baba. Akasema friji inajua kusingizia wenzake.

Nikaenda mjini kwa Bhai, duka nililonunulia zile taa. Akaigeuza taa mkononi, akacheka. "Dada, hii rahisi sana. Ndani hawajaweka kitu cha kuzuia kelele. Chukua ile nyingine." Nikachukua ile nyingine, nikatupa chaja, nikaiondoa redio pale ilipokuwa imelala juu ya nyaya nikaiweka dirishani kwa baba, nikafunga waya wa antena nje mpaka kwenye mpapai. Nyumba ikatulia. Mchana kutwa redio ikasikika kama mtangazaji kakaa jikoni kwetu. Nikajipongeza.

Jioni, matangazo ya vifo yalipoanza, krrrrr.

Nikakimbilia swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Krrrrr. Na kilichonichosha zaidi ni kwamba kelele ile ilikuwa inatembea. Ilianza kwa mbali upande wa mjini, ikakua, ikaja kusimama nyuma ya dirisha la baba, na matangazo yalipokwisha ikaondoka kuelekea magharibi. Kesho yake vivyo hivyo. Hebu niambie, ni chombo gani cha umeme chenye miguu?

Nikaenda kugombana na Mama Devota, jirani yangu wa nyuma. Nikamwambia televisheni yake inamuua baba yangu. Mwanamke yule alizima swichi yake kuu mbele ya macho yangu, akashika kiuno. "Haya. Imenyamaza?" Haikunyamaza. Nilirudi nyumbani nimejaa aibu na hasira, nikamkuta baba anapapasa nguo zake akizitia kwenye begi.

"Kesho nipeleke stesheni. Narudi Usoke. Kule hakuna umeme wenu."

"Kule hakuna mtu, baba! Shangazi alishafariki, nyumba ni tupu. Nani atakupikia? Nani atakushika mkono kwenda chooni?"

"Bora nianguke penye utulivu."

Nikaona hapa sasa nampoteza mzee wangu kwa ajili ya kelele. Jioni ile ile, mngurumo haujaondoka bado, niliichukua redio dirishani nikatoka nayo nje. Fundi alikuwa ameniambia kwamba redio za aina ile ukizizungusha, kelele hupanda na kushuka, na ukitembea nayo utafika inakotoka. Nikaapa nitafika.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kinjia. Wazee wanasema wapagazi walikuwa wakipita hapo na mizigo, kwenda pwani na kurudi, kabla nyumba hizi zote hazijajengwa. Mimi nilikijua kama njia ya mbuzi wanaokula mchicha wangu.

Chini ya dirisha la baba alikuwa amesimama mwanamume. Kijana, mwembamba, kifua wazi, kiunoni kitambaa kilichopauka. Begani ana mzigo mrefu umeviringwa kwenye mkeka. Ameinamisha kichwa kuelekea dirishani kama mtu anayesikiliza maneno ya watu. Nikajua nimemkamata. Nilidhani amebeba mashine fulani ya wizi.

"Wewe! Umebeba nini humo kinachotuvurugia redio?"

Akageuka polepole kwa ajili ya mzigo. "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kinyamwezi, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomsalimu mama yake jioni. Redio mkononi mwangu ilikuwa inapiga kelele hata sijisikii. Akaonyesha bega lake. "Nitue."

Ungefanya nini wewe? Mtu akikuambia nitue, unamtua, ndivyo tulivyolelewa. Nikaweka redio chini, nikashika mzigo. Ulikuwa mzito kupita umbo lake, na mikono ikanisisimka kama nimegusa waya ulio wazi. Tukaushusha. Ulipofika chini tu, mngurumo ukakatika, sauti ya mtangazaji ikatoka safi: "...habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Kaliua..."

Hapo ndipo nilipotazama majani chini ya mzigo ule. Yalikuwa yamesimama. Hakuna hata jani moja lililolala.

Yule kijana akachuchumaa karibu na redio kama mtu anayeota moto. "Sauti yenyewe hii," akasema. "Kila siku naifuata. Nikisogea, inanguruma. Nikikaa mbali, siisikii. Nimechoka, mayu."

Jamani, namna alivyolisema! Ni lalamiko lile lile la baba. Nimetoka kwenda kumkaripia mtu, kumbe naye kakereka kuliko mimi.

"Unatafuta nini humo?"

"Si wanataja waliokufa?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wale ambao ndugu zao wamepeleka tangazo."

Akasikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji alipoaga, akaniangalia. "Langu bado."

Nilipiga yowe? Sikupiga. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka kooni, woga haukupata pa kukaa. Woga ulikuja baadaye, nikiwa kitandani. Pale nilimuuliza tu, "Jina lako nani?"

"Maganga, mwana wa Lubinza. Wa Usoke. Tulikuwa tunatoka pwani. Nililala kidogo, wenzangu wakaondoka."

"Nitakupelekea tangazo. Lakini uondoke dirishani kwa baba."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kuamrishwa. Kisha akasimama. "Nitwike."

Nami nilitaka yaishe nirudi ndani. Nikaunyanyua mzigo harakaharaka kwa mikono miwili, akaingiza bega. Moto ukanipanda kutoka kwenye vidole mpaka viwiko, redio ikalia tena. Akaondoka kuelekea magharibi. Hakufika kwenye uzio wa Mama Devota. Alikuwepo, kisha hayupo, ila mngurumo peke yake ndani ya redio, ukififia.

Baba alikuwa dirishani. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Umemsikia?"

"Nimekusikia wewe. Yeye nimesikia miguu. Ana mwendo wa mtu aliyebeba."

Nikamweleza. Nilitegemea anitukane. Badala yake akasema, "Lubinza ni jina la kwetu." Asubuhi akachukua fimbo yake, akasema tunakwenda wote.

Kule mjini, kwenye ofisi ya redio, binti wa mapokezi alitaka kuniua kwa maswali. Marehemu amefariki lini?

"Zamani," nikasema.

"Zamani lini, mama? Na mazishi ni wapi?"

Nikaanza kubabaika. Baba akagonga fimbo sakafuni. "Binti, andika amefariki safarini. Waliokuwa naye hawakutuletea tarehe. Mazishi tutajua sisi wenyewe. Kuna uongo hapo?"

"Hapana, babu."

"Basi andika."

Jioni mngurumo ukaja kama kawaida, ukasimama pale pale. Tukasikia kwa taabu, katikati ya krrrrr: "Ukoo wa Lubinza wa Usoke unasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao Maganga, kilichotokea safarini..." Kelele ikakatika kama waya uliokatwa kwa koleo. Baba akafanya ishara ya msalaba. Baadaye akaniambia nitoe nguo zake kwenye begi.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo. Kesho yake nilinyoosha mkono nimwongezee baba sauti. Krrrrr. Nikarudisha mkono, kimya. Nikanyoosha tena, krrrrr.

Ni mimi. Nimebadilisha taa, nimetupa chaja, nimegombana na jirani, na sasa kelele iliyobaki nyumbani ni mimi. Nimekwenda hospitali, wakasema mikono haina kitu. Padri ameniombea. Fundi alinizungushia redio mwilini, akakusanya vifaa vyake akaondoka bila hata kuaga. Baba ameisamehe friji, mimi hajanisamehe. Matangazo yakianza ananifukuza: "Toka nje, nisikie!" Natoka, nasimama kule kinjiani mpaka yaishe. Mama yangu mdogo wa Kaliua alipofariki, simu yangu ilikuwa imezima, na tangazo lake lilisomwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nililipata kwa baba akiniita dirishani.

Kwa hiyo sikiliza. Redio yako ikinguruma, zima swichi kuu, tia betri, kagua taa na chaja zako. Ikiendelea, funga dirisha uvumilie, usitoke kwenda kutafuta. Na ikitokea mtu njiani jioni akakuomba umtue mzigo, mtue, ni utu. Akikwambia umtwike tena, kataa, hata akilia, uache mzigo ulale hapo hapo. Mimi niliunyanyua kwa haraka zangu, mngurumo wake ukabaki mikononi mwangu. Siku watakapolisoma jina langu, nitakuwa nimesimama kinjiani kama Maganga, nyote mtalisikia, ila mimi.