Gumba la Shangazi

Shangazi yangu alikata midomo ya vifaranga miaka kumi na moja. Kwenye mabanda makubwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kila kifaranga hukatwa ncha ya mdomo kwa chuma cha moto, ili akikua akabanwa kizimbani asidonoane na wenzake. Wafanyakazi walimwita Fundi Midomo. Gumba lake la kulia limeungua mpaka limekufa ganzi. Niliwahi kulichoma kwa kalamu, wala hakushtuka.

Mwaka jana watetezi wa wanyama walimpa kipeperushi getini pa mabanda. Ni kikundi cha watu tisa, hukutana Jumamosi chumba cha nyuma kwa mshonaji. Wiki hiyohiyo akaacha nyama na kazi.

Baba, kaka yake, alicheka mpaka akapaliwa. "Dada, wamekulisha nini hao?"

"Maharage. Na wamesema mimi ni mwenzao."

Siku aliyoombwa kuzungumza mbele ya wageni, nilimsindikiza. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akamwambia, "Mama, waeleze ulivyoumia."

Shangazi akaeleza kazi. Gumba juu ya kichwa, kidole kingine chini ya koo, unabonyeza kidogo kifaranga arudishe ulimi usije ukauunguza. "Wa kwangu hawakuvuja damu. Wakaguzi wakija, waliletwa mezani kwangu."

Binti wa mstari wa mbele akatoka analia.

"Huyu anajisifu!" mtu akafoka.

"Sasa nisiseme? Aliyeshika nafasi yangu anakata mpaka kwenye pua!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akamvuta pembeni. "Tunakushukuru, mama. Ila kuanzia wiki ijayo usizungumze. Utatusaidia kupanga viti."

"Hata hivi vya leo nimepanga mimi."

Njiani nikashindwa kujizuia. "Shangazi, ulikuwa unawahurumia kweli?"

"Ningekuwa siwahurumii, ningekata ovyo."

Nyumbani baba aliposikia yaliyotokea, akamsogezea shangazi paja la kuku mezani. "Haya, yameisha. Kula, kesho nikakuombee kazi yako."

Akalirudisha sahanini kwa lile gumba. "Jumamosi nina viti."

Mpaka leo anakwenda. Safu zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Akimaliza hukaa kiti cha mwisho, na wenzake wakiingia, kile cha pembeni yake huwa hakikaliwi.